Kuwa Macho Usingizini

Kiswahili kina namna yake ya kumtaja mtu asiyelala. Hakisemi kwamba ana akili, wala kwamba ana fahamu. Kinasema tu kuwa yu macho. Mama akichungulia chumbani usiku na kumkuta mwanawe hajasinzia, huwaambia waliobaki ukumbini, "Bado yu macho." Kiungo kimoja kimebebeshwa uzito wa hali nzima ya kuwapo: yakifumba macho, mtu ameondoka; yakifumbuka, mtu amerejea. Katika msemo huo hapana nafasi ya hali ya tatu, yaani hali ya mtu ambaye kope zake zimefunga, pumzi zake zimetulia, mwili wake umelala kama gogo, na hata hivyo anajua kwa yakini kwamba amelala na kwamba yote ayaonayo ni ndoto.

Hali hiyo ya tatu ipo, na wanaadamu wameijua kwa muda usiopungua miaka elfu mbili na mia tatu. Wataalamu wa usingizi huiita kwa jina ambalo kwa Kiswahili laweza kufasiriwa ndoto ya kujitambua. Si ruya inayobashiri mambo yajayo. Si jinamizi linalomkaba mtu kifua. Wala si mawazo ya mtu aliyejinyoosha kitandani akaiacha akili itange. Ni ndoto kamili ya usingizi kamili, ila mwotaji ameshajua, angali ndani yake, kuwa anaota. Na historia ya ndoto hiyo, ikichunguzwa vyema, ni historia ya swali moja dogo ambalo kila mtu aweza kujiuliza na ni wachache mno wanaojiuliza: haya niyaonayo sasa, ni ya macho au ni ya usingizini?

Kwa watu wa mwambao na visiwa vyake, swali la ndoto limezoeleka kuulizwa asubuhi. Mtu huamka, husimulia, kisha hutafutiwa maana. Na vitabu vya tafsiri vinavyonasibishwa na Ibn Sirin, mwanachuoni wa Basra aliyefariki katika karne ya 8, vimepita katika mikono mingi kwa kazi hiyo. Swali la asubuhi huuliza ndoto ina maana gani. Swali linalozungumzwa hapa ni la usiku. Huulizwa ndani ya ndoto yenyewe, kabla haijaisha, na halitafuti maana hata kidogo. Linatafuta mahali: niko wapi?

Wa kwanza kuliandika jambo hili kwa uwazi alikuwa Aristotle, aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo. Katika risala yake fupi juu ya ndoto ametoa mfano wa jicho. Mtu akilibonyeza jicho lake kwa kidole kwa upande wa chini, kitu kimoja humtokea viwili. Asiyejua kwamba kidole kipo atadhani vitu ni viwili kweli. Anayejua ataviona viwili vilevile, lakini hatadanganyika. Kisha akauingiza mfano huo usingizini: aghalabu, alisema, mtu aliyelala huwa na kitu katika fahamu zake kinachomwambia kwamba hili linalomtokea ni ndoto tu. Picha haibadiliki. Kinachobadilika ni hukumu juu ya picha. Ni maneno machache, lakini mengi yaliyokuja kusemwa baadaye yamo ndani yake kama mti ndani ya mbegu.

Mfano wa pili wa zamani watoka Afrika ya Kaskazini. Augustine, askofu wa Hippo, aliandika barua yapata mwaka 415 akimsimulia rafiki yake habari za Gennadius, tabibu aliyewahi kufanya kazi Rome na ambaye wakati huo alikuwa akiishi Carthage. Gennadius alikuwa mtu mwema, mwenye huruma kwa maskini, lakini katika ujana wake alitiwa shaka juu ya uhai baada ya mauti. Usiku mmoja alimwota kijana mzuri aliyemchukua hadi mji uliojaa nyimbo tamu kupita kiasi. Usiku mwingine kijana yule akarudi na kumuuliza kama anamjua. Gennadius akajibu kuwa anamjua vizuri. Akamuuliza walionana wapi. Tabibu akasimulia safari yao yote, pamoja na kukiri kwamba ilikuwa ni usingizini. Ndipo kijana akamuuliza mwili wake uko wapi kwa wakati ule. Gennadius akajibu kuwa uko kitandani mwake. Basi macho yako ya mwili, akaambiwa, yamefumba na hayafanyi kazi. Na haya unayonionea ni macho gani? Tabibu akanyamaza, hana la kujibu.

Augustine aliisimulia habari hiyo kuwa hoja ya uhai wa roho, na kila msomaji ana imani yake juu ya hilo. Lakini yafaa kuutazama mwendo wa maswali yale. Kijana hakumwambia Gennadius kwamba anaota. Alimuuliza. Alimrudisha nyuma hatua kwa hatua, wapi, lini, kwa hali gani, mpaka mwotaji mwenyewe akatamka kwa kinywa chake kuwa amelala. Miaka elfu moja na mia tano baadaye wanasaikolojia watakuja kufundisha njia hiyohiyo, na watadhani ni mpya.

Katika ulimwengu wa Kiislamu swali lilichukua sura nyingine. Abu Hamid al-Ghazali (1058–1111), katika kitabu alichoeleza safari yake ya kutafuta yakini, anasimulia jinsi alivyofikwa na maradhi ya shaka. Alianza kwa kuzitilia shaka hisi, kwani jicho hulitazama jua na kuliona dogo, ilhali hesabu za wanafalaki zaonyesha kuwa ni kubwa kuliko ardhi. Akakimbilia akili. Kisha ndoto ikaja kumvuruga: je, mtu hayaamini ya usingizini kwa moyo wote angali ndani yake, na asimjue kuwa ameota mpaka aamke? Nini basi kinachomdhaminia kwamba hii hali aiitayo kuwa macho haina nayo mwamko wake ulio juu zaidi? Alikaa katika shaka hiyo kwa muda wa karibu miezi miwili, na mwenyewe asema kuwa hakutolewa humo kwa hoja wala kwa mpango wa maneno, bali kwa nuru aliyotiwa na Mwenyezi Mungu kifuani. Ghazali hakuwa akitafuta kujitambua ndotoni. Hata hivyo ndiye aliyeonyesha kwamba swali hilo lina makali pande mbili. Anayeuliza kwa dhati kama anaota haiulizi ndoto peke yake. Anauuliza na mchana.

Ibn Khaldun (1332–1406) alikuja na jambo la kivitendo zaidi. Katika Muqaddima yake, aliyoiandika mwaka 1377, anataja maneno fulani ambayo watu wa elimu za siri waliyatamka walipokaribia kulala, wakiwa wamesafisha nia na kuitaja haja yao, ili waonyeshwe usingizini kile wanachokitaka. Anakiri kwamba aliyajaribu mwenyewe na akaona mambo ya ajabu. Lakini mwanahistoria yule makini akaongeza sharti: maneno hayaleti ndoto. Yanachofanya ni kuiandaa nafsi tu. Na kuandaa ni jambo moja, kupata ni jambo jingine. Yafaa kuiweka akilini tofauti hiyo, kwani itarejea.

Watibeti ndio walioligeuza swali kuwa mazoezi ya kila siku. Katika mafundisho yanayojulikana kwa jina la Naropa, mwalimu wa Kihindi wa karne ya 11 ambaye mwanafunzi wake Marpa aliyapeleka Tibet, imo elimu ya ndoto. Mwanafunzi hafundishwi kwanza nini afanye usiku. Hufundishwa nini afanye mchana. Hutakiwa kukitazama kila kinachompitia, sifa na matusi, faida na hasara, kana kwamba ni ndoto, na kuendelea hivyo kwa muda mrefu mpaka utazamaji huo uwe ndiyo tabia yake. Akishaingia usingizini, tabia humfuata. Na lengo si starehe ya kuruka angani. Lengo ni kujiandaa kwa mauti, na kuyafungua mafundo ya tamaa na hofu.

Katika Ulaya, Descartes aliandika mwaka 1641 kwamba hakuona alama yoyote ya yakini inayoutenga usingizi na kuwa macho. Mwishoni mwa kitabu hichohicho alitoa jawabu: kumbukumbu. Mambo ya mchana hufungamana. Leo hushikana na jana, na mtu ajua alikotoka na alivyofika alipo. Mambo ya ndotoni hutokea tu, hayana nasaba. Mwanafalsafa Thomas Reid wa Scotland, katika barua ya mwaka 1779, alisimulia jambo dogo lenye faida kubwa zaidi. Alipokuwa kijana wa yapata miaka kumi na minne, takriban kila usiku alikuwa akisumbuliwa na ndoto za kutisha, mara anafukuzwa, mara yu ukingoni mwa genge. Akaazimia kujikumbusha, kila alalapo, kwamba hayo yote ni ndoto na hayawezi kumdhuru. Alijaribu mara nyingi bila ya mafanikio. Hatimaye usiku mmoja, angali katikati ya hatari, akakumbuka; akajitupa gengeni kwa ujasiri na akaamka. Baada ya hapo usingizi wake ukatulia.

Lakini mtu aliyelifanya jambo hili kuwa kazi ya maisha alikuwa Mfaransa, Marquis d'Hervey de Saint-Denys (1822–1892). Wapenzi wa ushairi wana sababu ya kumjua kwa jina jingine: ndiye aliyefasiri na kuchapisha, mwaka 1862, mkusanyo wa mashairi ya Kichina ya zama za Tang kwa Kifaransa, na tangu mwaka 1874 alishika kiti cha lugha ya Kichina katika Collège de France. Mchana alikuwa mfasiri wa Wachina, na usiku mfasiri wa nafsi yake. Tangu alipokuwa na umri wa miaka kumi na mitatu alianza kuziandika ndoto zake, pamoja na kuzichora, na mwishowe akawa na madaftari 22 yenye habari za usiku 1,946. Kitabu alichokitoa katika hayo, juu ya ndoto na njia za kuziongoza, kilichapishwa mwaka 1867 bila ya jina la mwandishi.

Hervey hakuanza kwa nia ya kujitambua. Alianza kwa kuandika tu. Kila asubuhi alikumbuka, akaandika. Na kila alipoandika, alizidi kukumbuka. Kwa kuwa mchana alizifikiria mno ndoto zake, haikuwa ajabu kwamba usiku nao aliota anazifikiria. Na katika usiku wa 207 wa hesabu zake alijikuta, kwa mara ya kwanza, anajua kuwa anaota. Hapo ndipo penye siri ya mlango. Shughuli za mchana hujipenyeza usiku. Mvuvi huota mitego, mshoni huota kitambaa, na mwenye kuichunguza ndoto huota anaichunguza ndoto, na kwa kuichunguza huigundua.

Alipokwishaufungua mlango akaanza majaribio, na majaribio yake yana ladha ya mshairi. Alikwenda kukaa kwa muda katika nchi ya milima, na muda wote akinusa manukato ya namna moja ambayo hakuyatumia kabla. Aliporudi kwake aliyafungia. Baada ya miezi akamwagiza mtumishi wake adondoshe matone yake juu ya mto usiku wowote autakao, bila ya kumwambia. Na usiku huo ndoto ikamrejesha milimani. Jaribio jingine lilikuwa la hatari lau si ndoto: akijua kuwa anaota, alijitupa kutoka mahali pa juu ili aone mauti yanafananaje. Hakufa wala hakuamka. Alijikuta amesimama katika kundi la watu uwanjani, akimtazama maiti aliyeanguka. Ndoto haikumpa kile ambacho kumbukumbu yake haikuwa nacho. Kitabu chake kilipotea upesi, na Freud, alipoandika kazi yake mashuhuri ya mwaka 1900, alikiri kwamba hakuweza kukipata.

Mwingine aliyekuja alikuwa mshairi pia. Frederik van Eeden (1860–1932), tabibu wa maradhi ya akili na mwandishi wa Kidachi, aliandika habari za ndoto 352 za namna hii alizoota baina ya Januari 1898 na Disemba 1912, na mwaka 1913 akaziwasilisha mbele ya chama cha watafiti mjini London. Jina lililoenea katika Kiingereza ni lake, na lina mtego kwa wafasiri. Neno alilolichagua lina asili ya mwangaza, na mtu akilifuata kwa haraka atasema ndoto angavu. Msikilizaji atadhani ni ndoto yenye picha za kung'ara. Lakini madaktari wa zama hizo walilitumia neno hilohilo kwa mgonjwa wa akili aliyejaaliwa kitambo cha kurudiwa na fahamu zake. Van Eeden alikuwa daktari wa wagonjwa hao. Kilichong'ara si picha; ni mtazamaji.

Katika moja ya ndoto hizo alitaka kuijaribu dunia aliyomo. Akachukua gilasi nyembamba ya mvinyo na kuipiga kwa ngumi kwa nguvu zake zote, hali akifikiri jinsi jambo hilo lingekuwa la hatari kwa mtu aliye macho. Gilasi ikabaki nzima. Akageuka, alipoitazama tena baada ya muda, akaikuta imevunjika. Ilivunjika, lakini ilichelewa, mithili ya mchezaji wa tamthilia aliyesahau zamu yake ya kuingia. Aliona kana kwamba yumo katika dunia ya bandia iliyoigizwa kwa ustadi mkubwa, yenye kasoro ndogondogo tu. Na kasoro hizo ndizo zilizokuja kuwa msingi wa kile kiitwacho majaribio ya uhalisi.

Mwingereza aliyeandika kwa jina la Oliver Fox alizipata kasoro hizo chini ya miguu yake. Mwaka 1902, akiwa na umri wa miaka kumi na sita, aliota amesimama nje ya nyumba yao, akaona kwamba mawe ya njia ya watembeao kwa miguu yamegeuka: upande wake mrefu umefuata ukingo badala ya kuukabili. Kasoro ndogo kama hiyo ikamtosha. Baadaye alieleza kwa mfano wa kuchekesha ngazi za kuamka akili. Mtu ameota yumo mkahawani, na mbele yake ameketi bibi mrembo mwenye macho manne. Wa kwanza hashangai kabisa, na asubuhi ndipo akumbukapo. Wa pili hushangaa kidogo, akasikitika kwamba uzuri wake umetiwa dosari. Wa tatu hushangaa sana, kisha akajipatia sababu ya kutuliza moyo, labda mji umeingiliwa na watu wa mchezo wa maajabu. Wa nne ndiye husema: hapana binaadamu mwenye macho manne, basi mimi ninaota. Wengi wetu hatuvuki ngazi ya tatu, na si usiku peke yake.

Pamoja na ushahidi wote huo wa watu waaminifu, wataalamu hawakukubali. Mwaka 1959 mwanafalsafa wa Kimarekani Norman Malcolm alichapisha kitabu akishikilia kwamba mtu kudai alijua usingizini kuwa amelala ni dai lisilo na maana. Tulicho nacho ni hadithi ya asubuhi tu, na hadithi ya asubuhi haithibitishi la usiku. Hoja ilikuwa nzito. Aliyelala hawezi kuita shahidi. Ulimi wake umefungwa, mikono yake imelegea, kwani katika usingizi wa ndoto mwili huwekewa kufuli, na ni rehema kubwa kwamba ni hivyo, ama sivyo kila mtu angeinuka kuzitenda ndoto zake.

Lakini kufuli hilo lina tundu. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chicago walitangaza kwamba aliyelala hupitiwa na vipindi ambavyo macho yake huenda mbio chini ya kope, na ni katika vipindi hivyo ndipo ndoto nyingi hupatikana. Viungo vyote vimefungwa. Macho yameachwa huru. Keith Hearne, katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, akaliona tundu hilo. Alipatana na Alan Worsley, mtu aliyezoea ndoto za kujitambua, kwamba atakapojua kuwa anaota ayapeleke macho yake kushoto na kulia kwa idadi waliyokubaliana. Asubuhi ya tarehe 12 Aprili 1975, Worsley akiwa amelala na vyombo vikishuhudia kuwa amelala kweli, kalamu ya mashine ilianza kuchora juu ya karatasi mawimbi makubwa yaliyopangika: kushoto, kulia, kushoto, kulia. Mtu aliyekuwa ndani ya ndoto alikuwa amepeleka salamu nje. Huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Stephen LaBerge alifika mahali pamoja bila ya kuijua kazi ya Hearne, akaiwasilisha tasnifu yake mwaka 1980. Malcolm alikuwa amedai shahidi asiyewezekana, na shahidi akapatikana: jicho.

Baada ya hapo swali halikuwa tena kama jambo hili lipo. Likawa ni namna gani lipatikane. Mjerumani Paul Tholey (1937–1998) alishaanza kujifundisha mwenyewe tangu mwaka 1959. Njia yake ni rahisi kuieleza: mtu ajiulize mara nyingi katika mchana kama yu macho au anaota, hasa anapofikwa na lolote la kushangaza au la kutia hofu, au lolote linalofanana na ndoto zake. Asijibu kwa haraka. Atazame pande zote kutafuta kasoro. Kisha arudi nyuma katika kumbukumbu, nilikuwa wapi kabla ya hapa, nimefikaje? Hayo ni maswali ya kijana wa Gennadius na jawabu la Descartes, yamekutanishwa kwenye kikao kimoja.

Katika kazi za Tholey, LaBerge na wenzao yakakusanywa majaribio yanayotumika mpaka leo. Mtu husoma mstari wa maandishi, hugeuza uso, kisha husoma tena. Ndotoni maneno aghalabu hubadilika, kwa kuwa hapana karatasi inayoyashika. Hutazama saa mara mbili. Huwasha taa, kwani Hearne aligundua kuwa waotaji wengi hushindwa kulitia nuru giza la ndotoni kwa kubonyeza swichi. Huziba pua kwa vidole na kujaribu kuvuta pumzi. Ndotoni pumzi hupita, kwa kuwa pua iliyozibwa ni ya njozi na inayopumua iko kitandani. Sharti moja halina msamaha: jaribio liwe lisilo na madhara. Reid alijitupa gengeni baada ya kujua, si ili ajue. Na asiye na yakini hana ruhusa ya kupima kwa genge.

Sasa, je, majaribio hayo yanafaa? Hapa ndipo ilipo nafaka na makapi yake. Utafiti uliofanyika Australia chini ya Denholm Aspy na kuchapishwa mwaka 2017, kwa watu 169, ulionyesha kwamba waliofanya majaribio ya mchana peke yake kwa wiki moja hawakupata faida ya kuonekana. Waliofaidika ni wale walioongeza jambo jingine: kuamka baada ya saa tano za usingizi, kuikumbuka ndoto, na kurudi kulala huku wakiazimia kwamba wakiota tena watakumbuka kuwa wanaota. Ni njia aliyoipanga LaBerge, na kwa kundi lililochanganya yote ndoto za kujitambua zilipatikana katika asilimia 17 ya usiku wa wiki hiyo. Waliolala ndani ya dakika tano baada ya kuazimia walifika asilimia 46. Nia iliyo karibu na usingizi ndiyo iliyozaa matunda. Ibn Khaldun asingeshangaa.

Kwa nini jaribio peke yake halitoshi? Kwa sababu mkono hujifunza upesi kuliko moyo. Mtu hutazama saa mara kumi kwa siku kwa kuwa ameambiwa atazame, na kila mara amekwishajijibu kabla ya kuuliza: bila shaka niko macho. Tabia hiyo nayo humfuata usingizini. Huko ndotoni huitazama saa, akaona namba zisizosomeka, akasema labda imeharibika, akaendelea na safari yake. Amekwama katika ngazi ya tatu ya Fox. Kilichojirudia usiku ni kile hasa kilichofanyika mchana: ishara bila ya swali. Jaribio ni chombo cha kulijibu swali, na chombo hakina kazi pale ambapo swali halikuulizwa.

Tafiti nyingine zaelekea upande huohuo. Mwaka 2015 watafiti wa Taasisi ya Max Planck mjini Berlin waliona kwamba watu wenye kujitambua ndotoni mara kwa mara wana wingi zaidi wa kijivu cha ubongo katika sehemu ya mbele kabisa, na kwamba sehemu hiyo ndiyo inayoshughulika pale mtu anapoyachunga mawazo yake mwenyewe akiwa macho. Mwaka 2018 Benjamin Baird na wenzake waliripoti kuwa waliodumu na mazoezi ya kutafakari kwa miaka mingi huzipata ndoto hizi zaidi kuliko wengine. Lakini waliopewa mafunzo ya wiki nane tu hawakuongezewa kitu. Watibeti walishasema kuwa kazi hii ni ya muda mrefu.

Wala si kazi ya wateule. Uchambuzi wa mwaka 2016 uliokusanya tafiti 34 za nusu karne ulikadiria kwamba asilimia 55 ya watu wamepata ndoto ya kujitambua walau mara moja maishani, na asilimia 23 huipata mara moja au zaidi kwa mwezi. Na mwaka 2021 maabara nne za Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi zilieleza pamoja jinsi zilivyozungumza na waotaji wangali usingizini: mmoja aliulizwa nane ukitoa sita ni ngapi, akajibu kwa macho yake, mara mbili. Majibu sahihi yalikuwa machache, chini ya moja katika kila maswali matano, lakini yalikuwa majibu.

Tahadhari mbili hazina budi kutajwa. Usingizi ni haki ya mwili, na anayejikatiza usiku baada ya usiku ili avune ndoto aweza kupoteza kilicho bora zaidi. Na yule ambaye mchana wake wenyewe umemtatiza, asiyeweza kuyatenga yaliyopo na yasiyokuwapo, hafai kuongezewa shaka nyingine. Ghazali, pamoja na ukubwa wa akili yake, aliiita hali ile maradhi.

Kwa asiye na maradhi hayo, lipo jambo la kuchukua hata kama haoti ndoto ya namna hii mpaka kufa kwake. Watu hudhani kwamba usiku ndio wenye ghafla na mchana ndio wenye uangalifu. Majaribio yameonyesha kinyume: usiku hauna ila kile ulichoazima kwa mchana. Asiyeuliza mchana hana swali la kwenda nalo kitandani. Hupita mbele ya mlango wake mara elfu asijue mawe yake yamekaa vipi, na siku yatakapogeuka hatayaona. Aristotle alisema kidole kipo juu ya jicho. Lililobaki ni kujua kuwa kipo.

Pengine basi msemo wa Kiswahili haukuwa na kosa. Uliweka fahamu zote juu ya macho, na asubuhi ile ya Hull, viungo vyote vilipokuwa vimefungwa, macho ndiyo yaliyotoa habari kwamba ndani mna mtu. Alikuwa amelala, na alikuwa macho.